Nisubiri Chini ya Mkrismasi

SEHEMU YA KWANZA

Mama aliposema hakodi ukumbi, kikao chote cha kamati kilinyamaza. Mhazini alifunga daftari la michango. Shangazi, ambaye tangu Oktoba alikuwa akizunguka kumbi za Temeke kuulizia bei, alishika kiuno.

"Wifi, Desemba hii kila mtaa una harusi. Wakwe wanatoka Kimara na magari yao. Utawakalisha wapi?"

"Uani kwangu."

"Ua huu huu?"

"Huu huu. Nimemlea hapa, ataagwa hapa, na chakula kitapikwa hapa. Pesa itakayobaki mpeni mwenyewe akaanzie maisha."

Hakuna aliyebisha. Mama yangu ni Mmakua wa Masasi, mtu wa maneno machache, na jambo akishalisema mara mbili halisemi tena. Ratiba ikapangwa pale pale: Krismasi Alhamisi, Ijumaa tunamuaga Faraja nyumbani Mbagala Kuu, Jumamosi tarehe 27 anafunga ndoa. Matangazo ya kanisani yalikuwa yameshasomwa Jumapili zote tatu na hakuna aliyeweka pingamizi. Kila yaliposomwa, jina la Faraja likifuatwa na majina ya wazazi wake, mimi nilikuwa nimeinamisha uso.

Nyumba yetu majirani wanaitambua kwa ufa wake. Ulipatikana Jumatano ya 29 Aprili 2009, siku maghala ya silaha ya kambi ya jeshi yalipolipuka na Mbagala nzima ikakimbia. Walikufa watu zaidi ya 20, na nyumba zisizohesabika zilibomoka. Yetu ilibaki imesimama, ila ukuta wa sebuleni ulipasuka kutoka darini mpaka sakafuni, na mahali pamoja, usawa wa kifua cha mtu mzima, palibaki uwazi unaoingiza mkono. Mafundi wamekuja na kuondoka. Mama hataki uzibwe. Kila ikifika Desemba anaufunika: mwaka mmoja kitenge, mwaka unaofuata pazia lenye nyota za karatasi, mwingine picha ya Familia Takatifu na balbu zimeizunguka. Faraja alipokuwa mdogo alidhani kila nyumba ya Kikristo huwa na ukuta mmoja wa kufunikwa Krismasi.

Mwaka huu upambaji aliushika Faraja mwenyewe. Kamati ilikuwa imeshachagua zambarau na dhahabu, kwa kuwa vitambaa vya rangi hizo vimejaa Tandika na bei yake inazungumzika. Faraja akakataa kwa upole wake ule usiorudi nyuma. Alitaka nyekundu na rangi ya maziwa.

"Nyekundu ya nini, mwanangu?" Shangazi alimuuliza.

"Shangazi, mikrismasi yote imechanua. Kwa nini ninunue maua ya plastiki?"

Ni kweli ilikuwa imechanua. Mti huu asili yake Madagaska, lakini huku kwetu umeshakuwa mwenyeji kiasi cha kupewa jina la sikukuu. Mvua za vuli zikishagusa ardhi, unawaka juu hadi chini, na barabara ya vumbi ambayo jana hukuitazama mara mbili leo inaonekana kama imetandikiwa zulia. Mimi naamini Dar es Salaam haina pambo linaloushinda. Tatizo lake ni moja: tawi likikatwa halina muda, jua likilipata limenyauka. Faraja alilijua hilo. Angekata matawi alfajiri ya Ijumaa, ayatumbukize kwenye ndoo za maji, na kabla ya wageni kufika ayafunge juu ya geti pamoja na makuti mabichi ya kusuka. Balbu za Krismasi zisingeteremshwa. Zingehamia kwenye turubai. Pango la Noeli libaki pale pale sebuleni, na mbele yake ndipo angekaa yeye kwenye mkeka wa ukili.

"Mti mzuri kuliko yote ni ule wa kona ya kushukia barabara ya Kilwa," aliniambia tulipobaki wawili. "Dada, twende tukaombe ruhusa."

"Ipo mingine."

"Ule una matawi yameinama, hata ngazi hatuhitaji."

"Nimesema ipo mingine, Faraja."

Alinitazama. "Mbona mti ule huupendi? Tangu nikiwa mdogo, tukiukaribia ulikuwa unanivusha barabara."

Nikajifanya nahesabu viti.

Jumamosi ya tarehe 20 Mama alikwenda Rangi Tatu kupokea kiroba cha korosho kilichoteremshwa na basi kutoka Masasi. Mimi nilikuwa uani napeta mchele. Harufu ya wali wa mchana ilikuwa bado haijaondoka jikoni, na nilimsikia Faraja akikwangua sufuria kwa kijiko. Chakula anachokipenda kuliko vyote ni kile kinachoganda chini. Sisi wote nyumbani tunakiita ukoko. Yeye peke yake, tangu neno lake la kwanza kulitamka ndani ya nyumba hii, anasema matandu, na Mama alitukataza kumsahihisha.

Kisha kijiko kikanyamaza. Nikasikia kitu kizito kikiburutwa sebuleni.

Niliingia nikamkuta amepiga magoti, mfuko wa simenti umefunguliwa mbele yake, mchanga kwenye beseni, mwiko wa fundi mkononi. Pazia la Mama lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kiti.

"Usimwambie," alinong'ona huku anacheka. "Nataka akirudi akute ukuta mzima. Ndiyo zawadi yangu kwake. Miaka yote anahangaika kuufunika."

"Faraja, acha. Acha kwanza."

"Humu ndani pana kitu."

Mkono wake ulikuwa umeshazama kwenye ufa mpaka kiwiko. Ulipotoka ulikuwa umeshika kopo la maziwa ya unga lenye kutu, mfuniko umefungwa kwa uzi wa katani. Nilitaka kumnyang'anya lakini miguu haikunisikia. Alikata uzi kwa meno. Ndani mlikuwa na kigauni cha njano cha mtoto wa miaka kama minne, upindo umeungua upande mmoja. Chini yake palikuwa na kandambili moja ndogo, ya mguu wa kushoto.

Alikikunjua kigauni, akakipima kifuani mwake kama dada dukani.

"Dada, hiki ni cha nani?"

Nyuma yetu kiroba cha korosho kilianguka sakafuni. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Faraja ametaka kuziba ufa wa nyumba kama zawadi kwa mama yake kabla ya kuagwa. Ndani ya ufa ameokota kopo lenye kigauni cha mtoto kilichoungua. Mama amewafumania.

SASA ENDELEA...

Mama hakupandisha sauti. Aliokota korosho zilizomwagika, moja moja, mpaka zikaisha. Kisha akakaa chini kando ya Faraja.

"Ni chako," alisema.

"Changu mimi? Mbona kimeungua?"

"Krismasi ikipita nitakueleza, kabla hujavaa shela. Nakuomba unipe siku hizo. Umenisikia, mama?"

Faraja alikikunja kigauni, akakirudisha kwenye kopo. "Nimekusikia, Mama." Simenti akaibeba mwenyewe hadi uani. Usiku ule tulilala kitanda kimoja, na kila nilipofumbua macho nilimwona anatazama dari.

Kile ambacho Mama alikuwa anakwenda kumweleza mimi nilikijua chote. Lakini kilikuwa na uongo ndani yake, na uongo huo ni wangu.

Nilikuwa na miaka 11, darasa la tano. Mlipuko wa kwanza ulitukuta shuleni, wa pili ulipiga mabati ya darasa kama ngoma, na baada ya hapo hakuna mwalimu aliyeshika zamu tena. Nilikimbia na watu. Sikujua ninakwenda wapi, nilifuata migongo. Vyuma vilikuwa vinapita juu vikipiga mluzi. Kwenye kona ya kushukia barabara ya Kilwa nikamkuta mwanamke na mtoto wa kigauni cha njano. Alikuwa na mwingine, mchanga, alitaka kurudi kumchukua ndani. Alinishika bega. Sikumjua na yeye hakunijua. Alikichukua kile kiganja kidogo akakitia ndani ya changu.

"Mshike. Nisubirini chini ya mkrismasi, nakuja."

Nilimsubiri. Sijui kwa muda gani. Aprili mti ule hauna maua, una maganda marefu makavu, na kila mlipuko ulipotokea maganda yalikuwa yanachezacheza juu ya vichwa vyetu. Kisha ukaja mmoja uliotutupa chini. Nilipoinuka nilimvuta mtoto nikakimbia, na sikusimama mpaka Kongowe.

Mama alitupata kesho yake. Aliponiuliza nimemwokota wapi mtoto huyu, niliogopa. Niliona nitapigwa kwa kutosubiri. Nikasema nimemkuta amesimama peke yake karibu na Rangi Tatu, analia. Kwa maneno yangu hayo Mama na marehemu Baba walikwenda serikali ya mtaa, wakaenda polisi, wakaenda hospitali. Kila mahali walitaja Rangi Tatu. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao siku ile, na wengi walirudishwa. Huyu hakuja mtu kumwulizia. Hakusema neno miezi mitatu, hata jina lake. Mama akamwita Faraja. Siku moja, Mama akipakua wali, mtoto alisogea kwenye sufuria, akanyoosha kidole chini yake na kusema: "Matandu." Mama alikaa chini akalia huku mwiko uko mkononi.

Nilipata wapi nafasi ya kusema ukweli baada ya hapo? Nilipofika miaka 15 nilijiambia tayari ni mdogo wangu. Nilipofika 20 nilijiambia yule mwanamke bila shaka alikufa na mtoto wake mchanga. Nimeishi hivyo miaka 16.

Krismasi ilifika kwa mvua. Tulitoka Misa ya asubuhi tukiwa tumeinua sketi, tukala haraka, na saa nane mchana wanawake wa mtaa walikuwa wameshajaa uani na visu vyao. Atakayekwambia shughuli ya nyumbani ni kazi rahisi, huyo hajapika. Wageni 200, mchele kilo 30. Kundi moja lilichambua mchele, la pili lilimenya vitunguu saumu mpaka kucha zikawaka, la tatu lilikaa kwenye mbuzi kukuna nazi kwa ajili ya kisamvu, ambacho Mama alisema hakipikwi kwa karanga, kinapikwa kwa korosho za kutwanga, kama kwao. Watoto walisuka makuti. Shangazi, aliyekuwa mpinzani mkubwa wa ua ule, alipanda juu ya ngazi kufunga balbu kwenye turubai na hakutaka mtu amsaidie. Wakwe nao walituma salamu kwamba wao watakuja na ndafu wao, mbuzi mzima wa kuchomwa, kwa hiyo tuwaandalie meza tu.

Saa kumi na moja jioni simu ya mhazini iliita. Mpishi wetu wa pilau hawezi kuja. Amebanwa na shughuli nyingine Mwananyamala, Kinondoni, na huko ameshawasha moto.

Mama alifunga kanga kiunoni. "Nitapika mwenyewe."

"Wifi, sufuria tatu za kilo kumikumi? Na kesho ukae mbele ya wakwe umesinzia?" Shangazi alishuka kwenye ngazi. "Ngoja. Kuna mama mmoja wa Vikindu, amepika msiba wa jirani yangu mwezi uliopita. Watu walisahau kulia. Nampigia."

Alifika saa mbili usiku kwa bodaboda, na mwiko wake mwenyewe umefungwa kwenye kitambaa. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, anatembea kama mtu anayesikilizia goti. Hakuomba kiti wala chai. Alichukua punje mbili za mchele akazitafuna. "Wa Kyela huu. Unataka maji machache," alisema, na tangu hapo jiko likawa lake.

Nimeona wapishi wengi, sijaona wa namna ile. Nyama aliichemsha na tangawizi, ndimu na chumvi, akaitenga supu yake kana kwamba ni dawa. Vitunguu alivikaanga yeye, hakumwachia mtu, akivigeuza mpaka vikakaribia kuungua. "Rangi ya pilau iko hapa, haiko kwenye bizari," aliniambia. Ndipo akatia kitunguu saumu, kisha bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, na moshi uliotoka pale uliwaamsha majirani waliokuwa wameshalala. Mchele uliingia, supu ikafuata, akapima kwa kidole. Maji yalipokauka alitandaza makaa juu ya mfuniko, akapunguza ya chini, akakaa kwenye kigoda. "Sasa hatuugusi."

Mimi nilikuwa namsaidia kupuliza moto. Kuna kitu katika sauti yake kilichonifanya nijibu kila neno kwa kuinama. Nilijiambia ni usingizi.

Alfajiri Faraja alikuwa hawezi kutoka kwenda kukata maua. Hina ya usiku ilikuwa mbichi mikononi na miguuni. Walikwenda wadogo zangu wa kiume, na nilisahau kuwaambia wasiende kule. Waliporudi, matawi yalijaa ndoo tatu, mekundu kiasi kwamba ua wote ulibadilika sura. Mama wa Vikindu aliinuka kwenye kigoda. Aliliendea tawi moja, akalikamata ua, akalisugua kati ya vidole.

"Haya mmekata mti gani?"

"Ule wa kona, wa kushukia barabara ya Kilwa," mdogo wangu alimjibu.

"Bado upo?"

"Upo, mama."

"Nilijua walishaukata walipopanua barabara." Alibaki amelishika. "Mimi huko sipiti. Nikija Mbagala nashukia mbele nageuka."

Pumzi ilinikatika. Niliyajua sasa mabega yale. Niliijua sauti, ingawa siku ile ilikuwa inapiga kelele na leo ilikuwa chini. Nilirudi nyuma hatua mbili nikagonga pipa la maji.

Aliachia ua, akarudi kwenye sufuria ya kwanza, akaondoa makaa na kufunua. Mvuke ukapanda. Alipakua pilau kwenye hotipoti, tabaka kwa tabaka, mpaka mwiko ukagonga chini. Wanawake wakacheka na kusogeza sahani. "Ukoko huo, jamani! Mpishi, tugawie ukoko!" Naye akawa anawakwangulia.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Faraja alitoka na kanga mbili mpya, viganja amevinyoosha mbele, vimejaa maua ya hina yasiyokauka. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe bibi harusi?"

"Ndiye mimi. Mama, mikono yangu ina hina siwezi kushika kitu. Naomba unilishe matandu, kidogo tu."

Mwiko ulisimama.

"Umeomba nini?"

"Matandu."

Yule mama alimtazama usoni, akashuka kwenye shingo, akarudi usoni. Kijipande cha pilau kilikuwa bado kwenye vidole vyake, njia ya nusu kuelekea kwenye mdomo wa Faraja.

"Tangu jana wote humu wanasema ukoko," alisema taratibu. "Nani alikufundisha wewe kuita hivyo?"

Faraja alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akageuka kunitafuta, na nyuma yake nikamwona Mama ametoka sebuleni, kopo la kutu liko mikononi.

"Dada," Faraja aliniuliza, "nani alinifundisha?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO